Kufundisha Usalama wa Jokofu Jikoni: Sababu Kwanza, Kanuni Baadaye

Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa kuyafundisha, usalama wa vyombo vya nyumbani huonekana kuwa mada nyepesi kuliko ilivyo. Mwalimu huingia darasani, huandika ubaoni makatazo kumi yanayoanza kwa neno "usi-", wanafunzi huyanakili na kuyakariri, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Katika kutembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha nimelisikia mara nyingi jibu lililo matunda ya ufundishaji wa namna hiyo. Mwanafunzi akiulizwa, "Kwa nini jokofu lisisukumwe likagusa ukuta?" husimama wima na kujibu, "Kwa sababu mwalimu amekataza."

Jibu hilo halina adabu mbaya, lakini halina maarifa. Mwanafunzi huyo akiingia katika jiko ambalo mwalimu hakulitaja, hatakuwa na la kumwongoza. Makala hii inakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kufundisha mada moja ya usalama, yaani kuweka jokofu jikoni na kulifunga lisianguke, kwa kuanzia kwenye sababu. Sababu ikieleweka, kanuni zote hujitokeza zenyewe, na mtoto huweza kuitunga hata ile ambayo hakufundishwa.

Kwa nini jokofu?

Huenda mwanachuo akauliza iwapo inafaa kufundisha habari za jokofu katika shule ambayo watoto wengi hawana chombo hicho nyumbani. Swali hilo ni la haki. Tuitazame Kata ya Dunda, mjini Bagamoyo. Ni kweli kwamba si kila nyumba ina jokofu, lakini ni mtoto gani wa Dunda asiyelifungua? Mtoto ndiye anayetumwa kununua barafu kwa jirani. Ndiye anayefungua jokofu la duka kuchukua maji baridi. Ufukweni, panapouzwa samaki, huyaona majokofu mabovu yaliyogeuzwa masanduku ya kuhifadhia barafu, na pengine huyachezea. Aidha, katika nyumba mpya na nyumba za wageni zinazojengwa kando ya bahari, majiko ya siku hizi huwekwa makabati ya ukutani, na jokofu huingizwa ndani ya kabati kama kitabu kinavyoingizwa katika rafu. Mtoto anayesoma leo darasa la tano ndiye atakayekuwa seremala wa makabati hayo, au fundi umeme, au mwenye nyumba.

Yampasa mwalimu, hata hivyo, ajihadhari asimwaibishe mtoto ambaye kwao hakuna jokofu. Asiulize, "Nani kwao kuna jokofu?" Na aulize, "Nani amewahi kuona jokofu, na wapi?" Swali la pili humpa kila mtoto nafasi ya kujibu.

Jambo ambalo mwalimu hana budi kulijua kwanza

Watu wengi huamini kwamba jokofu hutengeneza baridi. Imani hiyo ndiyo chanzo cha makosa karibu yote ya kuliweka mahali pasipofaa. Ukweli ni kwamba jokofu halitengenezi baridi. Jokofu huhamisha joto. Hulitoa ndani, penye chakula, na kulimwaga nje, jikoni.

Ili jambo hilo lieleweke, tufuate kanuni ya zamani ya ufundishaji: kutoka katika linalojulikana kwenda katika lisilojulikana. Linalojulikana hapa ni mtungi. Kila mtoto wa pwani anajua kuwa maji ya mtungini ni ya baridi kuliko ya ndoo. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole hadi nje, na huko hugeuka mvuke. Ili maji yageuke mvuke yanahitaji joto, nayo hulichukua kutoka katika mtungi na maji yaliyomo. Kwa hiyo yaliyobaki hupoa. Ndiyo sababu mtungi uliowekwa kwenye upepo hupoza vizuri, na uliofichwa pembeni hupoza kidogo. Ndiyo sababu vilevile wakati wa masika, hewa inapojaa unyevu, mtungi hupunguza kazi yake.

Jokofu ni ndugu wa mtungi. Ndani ya mabomba yake kuna kiowevu ambacho hugeuka gesi kwa urahisi. Katika mabomba yaliyo upande wa ndani, kiowevu hicho hugeuka gesi, na katika kugeuka huko hunyonya joto la chakula. Tofauti ni kwamba mvuke wa mtungi hupotea hewani, lakini gesi ya jokofu haipotei. Kompresa, ile mashine inayonguruma chini upande wa nyuma, huivuta na kuikandamiza. Gesi iliyokandamizwa hupata joto kali, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto tunapojaza upepo. Kisha hupita katika mabomba ya upande wa nje, nyuma au ndani ya mbavu za jokofu, na hapo huitoa harara yake kwenye hewa ya jikoni na kurudi kuwa kiowevu. Mwisho hupenya katika mrija mwembamba sana, mgandamizo hushuka, na safari huanza upya.

Mwanafunzi aliyelielewa hilo aulizwe swali moja: "Je, tukifunga madirisha na kuacha mlango wa jokofu wazi, jiko litapoa?" Wengi watajibu ndiyo. Jibu sahihi ni hapana. Jiko litazidi kupata joto, kwa sababu joto linalotolewa ndani humwagwa katika chumba kilekile, na juu yake huongezwa joto linalotokana na umeme unaoendesha kompresa. Swali hilo lina thamani kuliko makatazo kumi, kwa kuwa mtoto hawezi kulijibu kwa kukariri.

Inafaa mwalimu ajue pia kwamba jokofu halikuanza na umeme wa majumbani. Mwaka 1834 Jacob Perkins alipata hataza mjini London ya mashine ya kupoza kwa namna hiyo ya kukandamiza na kuachia. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jokofu lisilo na kompresa, linaloendeshwa na moto. Kutokana na ubunifu huo yalitokea majokofu ya mafuta ya taa, ambayo kwa miaka mingi yalihifadhi dawa na chanjo katika zahanati na misheni zisizokuwa na umeme. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwa hiyo jokofu si anasa tu. Mahali pengine ni uhai.

Kanuni ya kwanza: joto lipate njia ya kutoka

Maadamu jokofu humwaga joto nje, hapana budi joto hilo lipate pa kwenda. Jokofu lililobanwa ukutani, au lililotiwa katika kabati lisilo na matundu, hujizungushia hewa ya moto. Kompresa hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, umeme huliwa bure, chakula hakipoi ipasavyo, na mwishowe mashine huungua.

Jokofu linalosimama peke yake liachiwe nafasi nyuma, ubavuni na juu kwa kadiri iliyoandikwa katika kijitabu chake. Kwa jokofu la kuingizwa kabatini mambo ni magumu zaidi, kwani huzungukwa na mbao pande zote. Majokofu mengi ya aina hiyo yatokayo Ulaya hutengenezwa kwa ajili ya nafasi ya upana wa milimita 560 na kina kisichopungua milimita 550. Hewa baridi huingia kwa chini, hupanda nyuma ya jokofu ikibeba joto, na kutokea juu. Kwa kawaida watengenezaji hutaka njia hiyo ya hewa, chini na juu, iwe na eneo lisilopungua sentimita za mraba 200. Hilo ni tundu la kadiri ya sentimita 50 kwa 4. Hapa mwalimu wa Hisabati atapata mfano ulio hai: wanafunzi watafute vipimo vingine vinavyotoa eneo hilohilo.

Katika nyumba kongwe za mawe za Bagamoyo kuna vidaka na mashubaka yaliyochimbwa katika kuta nene. Wapo wanaovutiwa kulitia jokofu dogo katika shubaka kubwa, kwa kuwa linaonekana kana kwamba liliandaliwa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi aliyeelewa sababu ataligundua kosa bila kuambiwa: shubaka lina mlango mmoja tu wa hewa, yaani mbele. Hewa ya moto iliyopanda haina pa kutokea.

Jambo jingine ni herufi zilizoandikwa katika kibandiko kilicho ndani ya jokofu. SN humaanisha kuwa jokofu limekusudiwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32. N, nyuzi 16 hadi 32. ST, nyuzi 16 hadi 38. Na T, nyuzi 16 hadi 43. Jiko la Bagamoyo mwezi Februari, lenye jiko la mkaa linalowaka, laweza kupita nyuzi 32 kwa urahisi. Kwa hiyo jokofu lenye N peke yake halikuumbiwa jiko hilo. Wapwani hatuna budi kutafuta T. Kadhalika jokofu lisikae karibu na meko wala mahali panapopigwa na jua.

Jaribio la 1. Chukua makopo mawili yaliyo sawa na maboksi mawili yaliyo sawa. Boksi moja liache bila matundu. La pili litoboe tundu pana chini upande wa mbele na jingine juu upande wa nyuma. Mwalimu mwenyewe amimine maji ya moto yasiyochemka, kiasi sawa, katika kila kopo, kisha makopo yafungiwe maboksini. Baada ya dakika 30 wanafunzi wapime kwa kipimajoto. Kopo la boksi lenye matundu litakuwa limepoa zaidi kwa nyuzi kadhaa. Matundu yakiwa madogo tofauti haitaonekana. Kwa hiyo mwalimu alifanye jaribio peke yake siku moja kabla ya kulileta darasani.

Kanuni ya pili: jokofu lisimame imara

Jokofu kubwa lililojaa laweza kuzidi kilo 100. Mlango ukiwa umefungwa, uzito wote huelemea miguu minne. Mlango ukifunguliwa, chupa na vyombo vilivyomo mlangoni husogea mbele pamoja nao, na uzito huhamia upande huo. Mtoto mdogo akipanda rafu ya mlangoni ili afikie kilicho juu, jokofu laweza kumwangukia. Hatari hiyo huzidi kwa jokofu la kabatini, kwa kuwa juu ya mlango wake hufungwa ubao wa kabati ambao nao una uzito. Ndiyo maana jokofu la namna hiyo halisimamishwi tu, hufungwa.

Utaratibu wa fundi mwema ni huu. Kwanza sakafu hupimwa kwa pimamaji, na miguu ya jokofu huzungushwa hadi lisimame sawa. Linalosimama peke yake huachwa liegemee nyuma kidogo sana ili mlango ujifunge wenyewe. Pili, kabati lenyewe hufungwa ukutani. Tatu, jokofu hufungwa kwenye kabati kwa skrubu, juu na chini, katika vishikizo vilivyotolewa na mtengenezaji. Mpangilio huo haupinduliwi. Jokofu lililofungwa kwenye kabati ambalo halikufungwa ukutani ni kama ngalawa iliyofungwa kwenye mashua isiyo na nanga: maji yakija, vyote viwili vitakwenda.

Hapa pwani ukuta nao unataka kujulikana. Nyumba za zamani za Dunda zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni laini. Skrubu fupi iliyoishia katika lipu hung'oka kwa mkono. Shimo halina budi kupita lipu na kuingia ndani ya jiwe, au kabati lifungwe kwenye fremu ya mbao iliyoshikwa mahali kadhaa. Katika nyumba ya udongo na miti, skrubu itafutiwe nguzo. Udongo peke yake haushiki kitu. Ukuta wa matofali ya saruji hushika vizuri, mradi shimo litiwe kwanza kile kipande cha plastiki cha kukazia skrubu.

Katazo moja halina budi kutiliwa mkazo: mwili wa jokofu usitobolewe kamwe mahali ambapo mtengenezaji hakuweka tundu. Mabomba ya gesi hupita ndani ya mbavu, nayo hayaonekani. Kwa sababu iyo hiyo barafu isikwanguliwe kwa kisu. Majokofu ya zamani yalitumia gesi zilizoharibu tabaka la ozoni, ambazo mataifa yalikubaliana kuziondoa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nyingine zilizofuata, zisizoharibu ozoni lakini zinazoongeza joto la dunia, ziliwekewa mpango wa kupunguzwa katika mkutano wa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. Majokofu mengi mapya hutumia gesi iitwayo isobutani, R600a, ambayo haina madhara hayo makubwa lakini huwaka moto. Ni gramu chache tu, wala si jambo la kuogofya likiwa ndani ya bomba zima. Hata hivyo, bomba likitobolewa katika jiko lililofungwa penye moto wa mkaa, hatari ni ya kweli. Wanafunzi waonyeshwe alama ya pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto, ili waitambue.

Jaribio la 2. Simamisha boksi refu jembamba la bidhaa za dukani. Kata upande wa mbele uwe mlango. Ning'iniza kwenye mlango kifuko cha kokoto. Mlango ukiwa umefungwa boksi litasimama. Ukifunguliwa litaanguka mbele. Kisha weka kokoto nyingine chini ndani ya boksi, na wanafunzi waone kuwa sasa linahimili zaidi. Mwisho funga uzi nyuma ya boksi, upande wa juu, na kwenye msumari uliopigwa katika ubao, ongeza kokoto mlangoni, ufungue tena. Halitaanguka. Wanafunzi waulizwe: kwa nini uzi umefungwa juu wala si chini? Na kwa nini vitu vizito huwekwa rafu ya chini?

Kanuni ya tatu: umeme upewe njia iliyo salama

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na plagi ya kawaida ina miguu mitatu. Miwili hupitisha umeme wa kufanyia kazi. Wa tatu, ulio mrefu, ni wa waya wa ardhi. Waya ukichubuka na kugusa mwili wa chuma wa jokofu, waya wa ardhi huupeleka umeme ardhini, na fyuzi au swichi kuu hukata. Waya wa ardhi usipokuwapo, umeme hubaki katika mwili wa jokofu ukimngoja wa kwanza kuligusa.

Huyo wa kwanza ni nani? Mara nyingi ni mtoto, aliyetoka kuoga au kucheza ufukweni, miguu mitupu, juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Mwili wake umekuwa waya wa ardhi. Hapa pwani hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma, hulegeza viungo vya nyaya na hutoboa bati la jokofu. Kutu inayoanza miguuni mwa jokofu si suala la sura tu; ni onyo.

Kwa hiyo jokofu lipewe soketi yake lenyewe yenye waya wa ardhi, isiyoshirikiana na pasi wala birika la umeme, wala lisitegemee waya wa kurefushia unaopita sakafuni. Jokofu la kabatini lisifichiwe soketi nyuma yake. Soketi iwe katika kabati la jirani, mahali mkono unapofika, ili umeme uweze kukatwa bila kulivuta jokofu. Mwenye uwezo na aweke swichi ya kinga inayokata umeme mara mkondo unaovuja unapofika miliampea 30. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, wala si ya jirani anayejua kidogo. Kadhalika yafaa kutumia kile kifaa kiitwacho madukani "friji gadi". Umeme ukikatika na kurudi, kifaa hicho husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu upite, na katika muda huo mgandamizo ndani ya mabomba hutulia na kompresa haianzi kazi kwa kuelemewa.

Jokofu lililosafirishwa likiwa limelazwa lisiwashwe mara moja. Lisimamishwe, liachwe saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kuhusu umeme mwalimu asifanye jaribio lolote kwa umeme wa ukutani. Betri kavu, balbu ndogo na vipande vya waya vyatosha kuonyesha kuwa umeme hutafuta njia. Plagi nzee, isiyounganishwa na kitu, ifunguliwe na mwalimu, na wanafunzi waone nyaya tatu ndani yake.

Kanuni ya nne: mlango na mtoto

Kanuni hii ndiyo nzito kuliko zote, na mwalimu asiiache hata muda ukiwa mfupi. Majokofu ya zamani yalikuwa na komeo la chuma lililofungwa kwa nje. Mtoto aliyejificha ndani wakati wa mchezo hakuweza kufungua, na hewa ya ndani ilikwisha upesi. Kwa sababu ya vifo vya namna hiyo, Marekani ilipitisha mwaka 1956 sheria ya kutaka kila jokofu la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani. Tangu hapo majokofu ya nyumbani huwa na mpira wenye sumaku badala ya komeo.

Hata hivyo hatari haikwisha. Friza kubwa la kulala lina mfuniko mzito, na mengine yana kufuli. Majokofu mabovu yaliyogeuzwa masanduku ya barafu hufungwa kwa kamba, kwa bawaba na komeo la kienyeji, au huwekewa jiwe juu. Mtoto akiingia humo katika mchezo wa kujificha, kelele zake hazisikiki nje, kwa kuwa kuta zilizotengenezwa kuzuia joto huzuia na sauti.

Hapa mwalimu afundishe mambo mawili waziwazi. La kwanza ni la mtoto: jokofu, friza na sanduku la barafu si mahali pa kujificha, liwe zima au bovu. La pili ni la kupeleka nyumbani: jokofu lililokufa ling'olewe mlango kabla ya kutupwa au kuwekwa uani. Lisipong'olewa, ligeuzwe mlango wake uelekee ukutani. Kung'oa mlango kunataka bisibisi na dakika kumi. Mtoto anaweza kumwambia baba au mjomba jambo hilo kwa heshima, na mzazi mwenye busara hatalipuuza.

Mpangilio wa somo

Mada hii yatosha vipindi viwili vya dakika 40 katika darasa la tano au la sita. Katika kipindi cha kwanza, dakika 10 zitumike kwa mazungumzo juu ya mtungi. Dakika 5 kuandaa Jaribio la 1. Na dakika 20, maji yakiwa yanapoa, kueleza safari ya joto kwa mchoro sahili wa mishale ubaoni. Mchoro usiwe na majina mengi. Mshale mmoja wa joto kutoka kwenye chakula kwenda bombani, na mwingine kutoka bombani kwenda jikoni, yatosha. Dakika za mwisho ni za maswali. Vipimo vya Jaribio la 1 visomwe mwanzoni mwa kipindi cha pili, endapo vipindi vinafuatana. Kisha lifuate Jaribio la 2, maelezo ya plagi, na mazungumzo juu ya mlango. Vipindi visipofuatana, jaribio zima lihamishiwe kipindi cha pili.

Vikundi visizidi watoto sita. Darasa likiwa kubwa na maboksi hayatoshi, kundi moja lifanye mbele na mengine yaandike utabiri wao kabla ya matokeo kuonekana. Utabiri ulioandikwa humfanya mtoto angoje jibu kwa hamu, hata kama hakugusa kifaa chochote.

Kupima matokeo

Tusiwaulize wanafunzi wataje kanuni. Tuwape jiko. Mwalimu achore ubaoni jiko lenye dirisha moja, meko, mlango, bomba la maji na soketi mbili, kisha aulize: "Mama Asha amenunua jokofu. Aliweke wapi, na kwa sababu gani?" Wanafunzi watatofautiana. Mmoja ataliepusha na meko, mwingine na bomba la maji, wa tatu atauliza ukuta ni wa nini. Mwalimu asiharakishe kutoa uamuzi. Kila jibu lidaiwe sababu, na jibu lisilo na sababu lisipewe alama hata likiwa sahihi. Jibu lenye sababu nzuri lipewe alama hata likitofautiana na la mwalimu.

Kazi ya nyumbani iwe ya kutazama, wala si ya kugusa. Mtoto achague jokofu moja analoliona kila siku, nyumbani, dukani au kwa jirani, na kwa idhini ya mwenyewe aandike: lina nafasi gani nyuma, soketi iko wapi, miguu ina kutu au haina. Asilisogeze wala asichomoe chochote.

Hitimisho

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika elimu ya usalama, ufa ni lile pengo lililo kati ya kanuni na sababu yake. Mwalimu anayetoa kanuni tupu huliacha pengo hilo wazi, na hali mpya ikitokea mtoto hutumbukia humo. Mwalimu anayeanza na safari ya joto, uzito wa mlango, njia ya umeme na hewa iliyomo katika sanduku lililofungwa, huwa amempa mtoto kipimo cha kuendea katika jiko lolote, la Dunda au la kwingineko.

Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha na achukue mada nyingine ya usalama katika muhtasari wake, iwe ni jiko la mkaa, kisima au barabara, aandike makatazo yake yote upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili aandike sababu ya kila moja. Katazo litakalokosa sababu aidha halifai kufundishwa, au mwalimu mwenyewe bado hajalielewa. Alitafutie sababu kabla ya kuingia darasani.